Wakuu, tuache kurushiana namba: mauzo ya konsoli na maksi za gemu zinasema nini hasa

Wakuu salaam.

Mabishano ya PS (PlayStation ya Sony) na Xbox (ya Microsoft) humu hayaishi, na mengi yana sura moja. Mmoja anakuja na namba ya mauzo, mwenzake anajibu kwa maksi za Metacritic, tovuti inayokusanya maksi za wakaguzi wa gemu, uzi unajaa kurasa na kurasa, na yule aliyeomba ushauri wa kununua anaondoka mikono mitupu. Mimi nacheza konsoli tangu enzi za PS2 ya kuchipiwa (iliyowekewa chipu isome CD za kunakili), na taarifa za mauzo na mapitio ya gemu ndizo ninazozisoma kila siku. Uzi huu ni kwa ajili ya huyo aliyeomba ushauri. Hela ya konsoli kwetu ni hela ndefu, mtu anaidunduliza kwa miezi, na inaniuma kuona anaipeleka dukani kwa kufuata kelele za mashabiki.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga ajue anapinga nini. Mauzo ya mashine yafuatilie kabla hujatoa hela, kwa sababu yatakugusa hata ukiyapuuza. Maksi za gemu usizitegemee. Soma kile mkaguzi alichoandika, halafu usinunue mpaka umeiona gemu ikichezwa kwenye mashine kama yako.

Tuanze na mauzo.

Kampuni ikisema imeuza konsoli milioni kadhaa, mara nyingi inahesabu mashine ilizowapelekea wenye maduka. Boksi linaweza kuwa bado liko stoo huko Ulaya na limeshahesabiwa. Kwa konsoli iliyokaa sokoni miaka mingi tofauti hiyo ni ndogo, maana hakuna mwenye duka anayeendelea kuagiza kitu kisichotoka. Kwa konsoli mpya, namba za miezi ya kwanza zisomwe kwa tahadhari. Na zile tovuti zinazotoa hesabu za kila wiki, nchi kwa nchi, zile ni makadirio, hazistahili watu kutukanana.

Mfano wangu mkubwa ni Nintendo. Konsoli yao ya Wii iliuza zaidi ya milioni 100. Ikafuata Wii U, Novemba 2012, nayo ikaishia milioni 13.56 maisha yake yote. Sasa angalieni kilichotokea kwa gemu moja. Mario Kart 8 ilitoka kwenye Wii U mwaka 2014, wakaguzi wakaisifu, ikauza zaidi ya milioni 8, yaani zaidi ya nusu ya wenye mashine ile waliinunua. Mwaka 2017 gemu hiyohiyo ikaongezewa vitu kadhaa, ikaitwa Deluxe, ikahamishiwa Switch, mashine yao iliyofuata. Huko imeuza zaidi ya milioni 60. Barabara ni zilezile, magari yaleyale, na wakaguzi waliipenda mara zote mbili. Safari ya kwanza ilikuwa kwenye mashine ambayo watu hawana, safari ya pili ikawa kwenye mashine ambayo sasa imepita milioni 150.

Wapenda soka wenzangu, huu mwingine ni wenu. Mwaka 2013 EA walitoa FIFA 14. Kwenye Wii U, mashine ambayo haikuwa hata na mwaka sokoni, hawakuitoa. FIFA 13 ndiyo ya kwanza na ya mwisho pale. Lakini FIFA 14 ilitoka kwenye PS2! Mashine iliyoingia sokoni Japani Machi 2000, miaka 13 nyuma, mashine ambayo uzalishaji wake ulikuwa umeshasimamishwa. Konami nao wakaleta gemu yao ya soka, PES 2014, kwa PS2. Sababu ni kwamba PS2 iliuza zaidi ya milioni 155, na mamilioni ya watu katika nchi kama zetu walikuwa bado wanaicheza. Mtengenezaji wa gemu anakwenda walipo watu.

Ndiyo maana nasema mauzo yanakugusa. PS4 ilifika milioni 117. Baada ya PS5 kutoka Novemba 2020, Sony wenyewe walishindwa kuitupa PS4: Horizon Forbidden West, Gran Turismo 7 na God of War Ragnarök, zote za mwaka 2022, zilitoka kwa mashine zote mbili. FC 26 ya mwaka 2025, yaani FIFA kwa jina jipya, nayo ipo kwa PS4. Aliyenunua PS4 ya mtumba pale Kariakoo miaka mitatu iliyopita na kuchekwa kwamba kanunua mzee, bado anacheza ligi ya msimu huu. Na fundi wa mtaani anaijua: anajua kubadilisha lenzi, anajua feni inavyosafishwa, padi za kubadilisha zipo, CD za kuazimana zipo. Mashine iliyouzwa kidogo ikiharibika, fundi anaifungua mara ya kwanza mbele yako.

Upande wa Xbox nao tuuseme bila ushabiki. Microsoft waliacha kutangaza idadi ya Xbox zilizouzwa mwaka 2015. Kampuni inayoongoza haifichi namba. Ukweli ulitoka 2022, wakati wanaomba kibali cha kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard: kwenye nyaraka zao kwa mamlaka ya ushindani ya Brazil waliandika kwamba PS4 iliuza zaidi ya mara mbili ya Xbox One. Ununuzi ule ulikamilika Oktoba 2023, dola bilioni 69 hivi. Tangu hapo gemu zao zimeanza kuhamia kwa jirani: Sea of Thieves mwaka 2024, Forza Horizon 5 Aprili 2025, Gears of War: Reloaded Agosti 2025. Hata Halo imetangazwa kwa PS5. Mwenye PS5 leo anazipata gemu za Xbox, na mwenye Xbox hazipati za Sony kwa kiasi hicho. Sisemi Xbox ni mashine mbaya. Ukiishikilia ile padi ya Xbox Series X, Xbox ya kizazi hiki, utajua watu wale wanajua kazi. Nasema ukinunua, nunua ukijua hilo.

Kuna jambo moja mauzo hayasemi, nalo ni uimara. Xbox 360 iliuza zaidi ya milioni 80, na ndiyo ileile iliyokuwa inawaka taa nyekundu na kufa. Julai 2007 Microsoft walilazimika kuongeza dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa matengenezo. Dhamana hiyo haikumfikia mtu aliyenunua mashine iliyotumika huko Uingereza ikaletwa na kontena.

Bei sasa. Hapa nina uchungu wa kweli. Zamani ukisubiri, unapata nafuu. PS2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000, ikashuka hadi 199 mwaka 2002, ikafika 99 mwaka 2009. Sisi huku tulikuwa tunaishi kwa kushuka huko. Kizazi hiki kimegeuka. PS5 yenye sehemu ya CD ilianza kwa dola 499, na Agosti 2025, karibu miaka mitano baadaye, ikapandishwa hadi 549. Ulaya na Japani walishapandishiwa tangu 2022. Xbox Series X nayo ilianza 499, mwaka 2025 peke yake ikapandishwa mara mbili hadi 649. Yule anayesema "nasubiri ishuke" anasubiri kwa kanuni ya zamani. Kama hela ipo na mashine ni ile uliyoiamua, sioni faida ya kusubiri.

Tuje kwenye maksi.

Shuleni kwetu mwanafunzi akileta 70 nyumbani anapikiwa pilau. Kwenye gemu 70 inasomwa kama amefeli. Mizani yote ya 100 imebanwa kati ya 70 na 95, na hapo ndipo watu wanauana kwa tofauti ya maksi mbili. Metacritic wenyewe hawapigi wastani wa kawaida. Kuna magazeti wanayoyapa uzito zaidi ya mengine, na hawasemi ni yapi wala kwa kiasi gani. Sasa mtu anawezaje kusema gemu ya 88 ni bora kuliko ya 86?

Na namba hiyo ina watu nyuma yake. Fallout: New Vegas ilitoka 2010 ikapata 84. Studio iliyoitengeneza, Obsidian, ilikuwa na makubaliano ya kupewa bonasi kama ingefika 85. Walikosa kwa maksi moja. Chris Avellone wa Obsidian ndiye aliyeliweka hilo hadharani mwaka 2012. Leo ukiwauliza wapenzi wa Fallout ipi ni bora, wengi watakutajia hiyohiyo. Hata kusifiwa hakuokoi: Hi-Fi Rush ilitoka 2023, wakaguzi wakaipenda, ikabeba tuzo, na Mei 2024 Microsoft wakatangaza kuifunga Tango Gameworks walioitengeneza. Ikabidi kampuni ya Krafton ya Korea Kusini ije kuiokoa.

Wapo wanaosema wakaguzi wote wananunuliwa. Sikubaliani. Mkaguzi ana shinikizo, hilo ndilo la kweli. Mkaguzi Jeff Gerstmann alifukuzwa kwenye tovuti ya GameSpot Novemba 2007 baada ya kuipa Kane & Lynch: Dead Men 6, wakati tovuti imejaa matangazo ya gemu hiyo. Alipothibitisha hadharani mwaka 2012 kwamba shinikizo la watangazaji lilikuwepo, mimi nilimheshimu zaidi. Mtu alipoteza kibarua kwa kuandika alichokiona. Wasomeni watu wa aina hiyo kwa majina yao, mjue wanapenda nini na hawapendi nini. Mkaguzi mnayetofautiana kila siku lakini unamjua anakufaa kuliko wastani wa watu mia usiowajua.

Kisa kinachotuhusu zaidi sisi wa konsoli ni Cyberpunk 2077, Desemba 2020. Wakaguzi walipewa nakala za kompyuta tu. Za konsoli hawakupewa, na hata video walizoruhusiwa kuweka ni zile za kampuni. Wastani ukaanza 90 na kitu. Kabla gemu haijatoka, watu milioni 8 walishailipia. Tarehe 10 ikatoka, mwenye PS4 ya kawaida akawasha: nyuso hazijakamilika, magari yanajitokeza ghafla mbele yake, gemu inajizima katikati ya kazi. Ndani ya wiki moja hivi Sony wakaiondoa kwenye duka lao na kuanza kurudisha hela, na haikurudi hadi Juni 2021. Maksi za kwanza hazikuwa za uongo. Zilikuwa za mashine nyingine. Leo gemu hiyo kwenye PS5 ni nzuri sana, naicheza mwenyewe, lakini zile apdeti kubwa za mwaka 2023 hazikufika PS4 kabisa. Gemu moja, jina moja, na jibu linategemea kilicho chini ya TV yako.

Maksi za wachezaji zina ugonjwa wake. The Last of Us Part II ilitoka tarehe 19 Juni 2020, na saa chache tu baadaye maelfu walishaipa sifuri. Ile ni gemu ya saa 20 na zaidi, waliimaliza lini? Metacritic wakaweka utaratibu kwamba mchezaji asubiri saa 36 baada ya gemu kutoka ndipo atoe maksi. Unaweza kuichukia hadithi ile, hiyo ni haki yako, ila maliza kwanza.

Halafu kuna vitu ambavyo mkaguzi wa London au Tokyo hawezi kuvipima. Ingieni banda la gemu la mtaani jioni, siku hakuna mechi kwenye TV. Padi ya kushoto mpira wa analogi umeisha, kimebaki kiplastiki kinachoteleza, mwenye padi hiyo ameshazoea kukimbiza winga kwa ncha ya kidole gumba. Padi ya kulia kitufe cha shuti kinahitaji kubonyezwa mara mbili. Nyuma yao wapo wanne wanasubiri "mshindi anabaki". Pale gemu inapimwa kwa mambo matatu: inafunguka haraka kiasi gani baina ya mechi, wawili wanaweza kucheza bila intaneti, na pasi inakwenda unakotaka hata padi ikiwa imechoka. PES ilitawala mabanda yetu kwa sababu hizo, na bado kuna mabanda yanatembea na PES za zamani zilizowekewa Simba na Yanga na vijana wanaojua kazi hiyo. Konami walipoleta eFootball Septemba 2021, bure, nyuso za wachezaji zimepinda na marefa hawaeleweki, ikawa miongoni mwa gemu zilizokandiwa vibaya kuliko zote kwenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta. Wakaguzi safari ile walikuwa sahihi, nami nilisikitika kama nimefiwa, maana jina la PES lilizikwa siku hiyo.

*

Narudi baada ya kusoma michango, nashukuru sana wakuu.

Kuna mkuu kauliza kwa nini nang'ang'ania CD wakati punguzo za dijitali ni kubwa. Mkuu, punguzo nazikubali, lakini Tanzania haipo kwenye orodha ya nchi za PSN, yaani mtandao wa PlayStation wenye akaunti na duka la dijitali. Kenya haipo, Uganda haipo. Afrika yote ni Afrika Kusini tu. Ndugu zetu walioko Muscat wao wamo, kwa sababu Oman ipo. Sisi tunafungua akaunti kwa nchi nyingine na kununua vocha, na gemu zako zote zinakaa kwenye akaunti ambayo kikanuni si ya kwako kikamilifu. Mnakumbuka Helldivers 2? Ilitoka Februari 2024, ikauza milioni 12 ndani ya wiki 12. Mei Sony wakataka kila anayecheza kwenye kompyuta aunganishe akaunti ya PSN, na gemu ikafungiwa mauzo kwenye nchi zaidi ya 170, yaani nchi zisizo na PSN, zetu zikiwemo. Wachezaji waliipa gemu maksi mbaya na kuandika malalamiko kwa mamia ya maelfu kwenye Steam hadi Sony wakarudi nyuma baada ya siku chache. Hapo maksi za wachezaji zilifanya kazi ya maana, nakiri hilo kwa furaha. CD unaiazima, unaibadilisha, unaiuza ukiishiwa.

Ila kuweni macho na CD zenyewe. Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022, CD yake ya PS5 ilikuwa na chini ya MB 100 ndani. Gemu yote inabidi uipakue. Kwa bando zetu hiyo ni gharama ya pili. Kabla ya kulipa, ulizia kama gemu inachezeka moja kwa moja kutoka kwenye CD.

Aliyeuliza kuhusu Switch 2: ilitoka tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449, ikauza milioni 3.5 siku nne za kwanza na kupita milioni 10 kabla ya Oktoba. Kwa hiyo kwa kipimo changu cha mauzo, ni mashine itakayoishi. Tatizo ni kadi zinazobeba gemu. Gemu nyingi za kampuni za nje zinakuja na kadi ambayo ni funguo tu: unaichomeka, halafu unapakua gemu nzima kwa intaneti. Imeandikwa chini kabisa kwenye uso wa boksi, soma pale kabla hujatoa hela. Cyberpunk 2077 kwa Switch 2 imo yote ndani ya kadi, na kampuni ya CD Projekt walioitengeneza nawapongeza kwa hilo. Mario Kart World dijitali ni dola 79. Gemu moja! Kwa familia yenye watoto na intaneti ya uhakika, sawa. Kwa mtu wa soka, baki PS.

PS5 Pro kwa ufupi: dola 699 ilipotoka Novemba 2024, bila sehemu ya CD. Kwa mazingira yetu hapana.

Mkuu uliyeuliza kuhusu Xbox Series S, ile ndogo ya Series X, swali lako ni zuri na nimelifikiria. Ilianza kwa dola 299, ndiyo mlango wa bei rahisi kuliko yote wa kizazi hiki, na sipendi watu wanavyoidharau. Lakini haina CD, na kwa nguvu zake kuna mambo yanachelewa. Baldur's Gate 3 ilifika PS5 Septemba 2023, Xbox ikasubiri hadi Desemba kwa sababu Series S ilishindwa kugawa skrini kwa wachezaji wawili. Kwenye Series S ikatoka bila kipengele hicho, na kikaja Aprili 2025. Kwa sisi tunaocheza wawili wawili kwenye kochi moja, hilo ni kubwa.

Kuhusu GTA VI: tarehe iliyotangazwa ni 19 Novemba 2026, kwa PS5 na Xbox Series tu. Wenye PS4, hiyo ndiyo gemu itakayowahamisha. Msiilipie kabla. Subirini mtu wa kawaida aicheze kwenye PS5 ya kawaida, arekodi akiwa anaendesha katikati ya mji kwenye mvua na magari mengi, muone kama fremu zinashuka na picha inakatakata.

Wenye Series S mlioko mikoani, naomba mje mtuambie ile hifadhi ya GB 512 inabeba gemu ngapi kubwa kwa wakati mmoja, na mnapakuaje. Nitaongeza majibu yenu hapa juu ili anayekuja kununua ayakute.